Mng'oa Meno Yasiyoota

Alikuwa ananawa mikono baada ya kazi, si kabla. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Izia, hapa Sumbawanga, bado wanamsifia usafi. Watakwambia mzee yule alikuwa na beseni lake, kipande chake cha sabuni ya mche, na taulo jeupe ambalo mkewe alilifua kila kukicha. Ni kweli tupu. Nimeshona nguo barazani kwangu miaka mingi, cherehani yangu imetazamana na uwanja wake, kati yetu ua wa minyaa usiofika kifuani, kwa hiyo niliyaona. Mama akishatoka na mtoto anayelia kwa sauti iliyokauka, ndipo mzee anavuta beseni, ananawa taratibu, kidole baada ya kidole, anajikausha. Kisha anakwenda kufungua mbuzi, anachota samadi, anapalilia maboga yake. Mama mwingine akipiga hodi, vidole vilevile vinaingia kinywani mwa mtoto mwingine.

Jina lake sitalitaja. Kazi yake inatosha. Alikuwa mng'oa meno, tena si meno haya tunayotafunia. Aling'oa meno yasiyoota, ya watoto wanaonyonya, yale ambayo watu wanayaita meno ya plastiki. Asiyeyajua aelewe hivi: mtoto akiharisha, akishikwa na homa, akikataa ziwa, hakosekani mtu wa kumnong'oneza mama kwamba ndani ya fizi yamejificha meno laini, mabaya, yanayomla mtoto, na kwamba huo si ugonjwa wa hospitali. Hapo anaelekezwa kwa mtu kama jirani yangu. Kwa watoto waliokwisha kukaza shingo, alitumia spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe. Anachimba fizi pembeni, pale panapoota chonge, mpaka kinatoka kitu cheupe, kidogo, laini kama punje ya hindi changa, anakiweka kwenye kiganja cha mama na kusema, "Hili ndilo lililokuwa linakuulia mwanao." Mama anashukuru. Kumbe ni jino la kweli la mtoto, halijakomaa tu, limetolewa kabla ya siku yake.

Kwa vichanga ambao hata arobaini yao haijafika, spoku ilikuwa kubwa mno. Hao aliwakwangua kwa ukucha wa kidole gumba, aliouacha urefuke makusudi. Alitafuta vipele vyeupe juu ya fizi au kwenye kaakaa, vile vinavyong'aa kama chembe za mchele, akavipasua, akasugua na chumvi. Vipele hivyo aliviita mbegu. "Tunatoa mbegu kabla haijaota," alisema, na watu wakaona hekima hapo, maana ni wakulima, na mkulima ukimtajia mbegu tayari umempata.

Alikuwa na sauti nzuri. Sauti ya chini, isiyo na haraka, kama ya padri kwenye kitubio. Hakuwahi kumfokea mama yeyote. Akimpokea mtoto anamlaza mapajani, anashusha mdomo wa chini kwa kidole, anatazama, anaguna kidogo. Halafu anakaa kimya. Mama anakivumilia kimya kile mpaka machozi yanamlenga. Ndipo mzee anasema, "Umechelewa kidogo, mwanangu. Lakini hujachelewa sana."

Nilimsikia akimwambia hivyo aliyeleta mtoto wa juzi, akamwambia hivyohivyo aliyeleta mtoto anayekaa. Msimu wa mvua, msimu wa upepo wa baridi tunapovaa masweta hadi mchana, maneno yalikuwa yaleyale. Hakuna aliyewahi kufika mapema. Siku moja mama mmoja alimleta mtoto mzima kabisa, mnene, anayecheka na kila mtu, ati amtazamie tu kwa kuwa mtoto wa dada yake alikutwa nayo. Nikasema moyoni, leo tutamwona. Mzee akashusha mdomo, akaguna.

"Umechelewa kidogo, mwanangu."

Nilicheka kule barazani mpaka nikakata uzi. Kisha mtoto akaanza kulia, na kicheko kikaniisha.

Alipenda methali, na zilipokosekana alizitunga. "Kila ugonjwa una mlango wake." "Kinachouma kina sura." Alikuwa akizitoa kwenye sala za jumuiya, anaanza na "wazee wetu walisema," na wiki inayofuata unawasikia akina mama kisimani wanazirudia kana kwamba ziliachwa na mababu wa Ufipa nzima. Mimi nilizaliwa hapahapa, bibi yangu alinilea kwa Kifipa, sijawahi kuzisikia popote ila kinywani mwake. Lakini nani atabishana na mzee wa jumuiya? Ndiyo, alikuwa mwenyekiti wetu. Aliongoza rozari, macho ameyafumba, na kwenye maombi aliwataja watoto wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Nami niliwajua. Wengine walikuwa wametoka mapajani mwake wiki hiyohiyo.

Angekuwa mtu mbaya wa kila upande, ingeniwia rahisi. Upepo ulipoinua bati la jiko langu, yeye ndiye aliyepanda na misumari mdomoni, umri ule, akalipigilia bila kuitwa. Shamba lake la ulezi lilikuwa safi kuliko la yeyote. Maboga aliyagawa mtaa mzima. Nimekula maboga yake, yalikuwa matamu, na hilo halijanizuia kumdharau. Mtu anaweza kuwa fundi mzuri wa bati na bado ukamwona hafai kushika mtoto.

Kuna baba mmoja simsahau. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma kutoka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto. Walipanda na mkewe, wamembeba mtoto wa kike mwenye homa, anayepumua haraka kama kuku aliyekimbizwa. Barabara ya kupanda huku juu ni mawe na makorongo. Walifika wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Zahanati waliipita njiani. Sifa za mzee zilikuwa zimeshuka bonde lile zamani, nao walimjia yeye. Akawaambia wamechelewa kidogo. Akamchimba mtoto, akatoa alivyotoa, wakaondoka wakishukuru.

Baadaye yule baba alirudi peke yake. Mzee alikuwa uwanjani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Mtoto tumemzika."

Mzee akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. "Bwana alitoa, Bwana ametwaa."

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kwa jambo dogo," alisema yule baba. Kiswahili chake kilikuwa cha kujitafutia, neno moja moja. "Mama yake anataka yale meno. Anasema mtoto hawezi kulala pale akiwa pungufu. Niyapeleke tukayafukie pamoja naye."

Niliacha kukanyaga cherehani. Meno yale nilijua yalikokwenda. Mzee alikuwa na tabia ya kuyachukua tena kiganjani mwa mama na kuyapeperusha kwa kidole uwanjani, na kuku wake walishazoea kukimbilia. Nikangoja nisikie atasema nini. Aliingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na kopo la mafuta ya kupaka. Ndani ya kopo lile alihifadhi machache ya zamani, ya kuwaonyesha akina mama wenye mashaka. Akachagua mawili, akayafunga kwenye kipande cha kitambaa, akampa. Yule baba akayapokea kwa mikono miwili, akainama hadi goti likagusa chini, akashukuru, akaenda zake stendi.

Nikasogea kwenye minyaa. "Mzee, yale yalikuwa ya mtoto wa nani?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayeulizwa na mtoto. "Fundi, mtu amekuja analia, ameondoka amefarijika. Wewe ungempa nini?"

Sikumkimbilia yule baba. Ningemfuata nimwambie kwamba hata hicho alichokumbatia si chake? Aliteremka Mtowisa na meno ya watu, akayafukia na mwanawe, na natumaini hajui mpaka leo. Mzee alirudi kwenye mahindi yake. Alimaliza gunia siku ile.

Yeye mwenyewe aliwahi kuumwa jino. Nilihadithiwa na mkewe, mwanamke mkimya ambaye aliongea nami pale tu nilipokuwa nampima gauni, kana kwamba futi shingoni ndiyo iliyomfungua mdomo. Gego lilimuuma mzee mpaka shavu likavimba. Hakutafuta spoku. Hakusema kila ugonjwa una mlango wake. Alivaa koti la Jumapili akaenda hospitali.

"Alipoonyeshwa kiti akaanza kutetemeka," mama yule alisema. "Wakamchoma ganzi. Daktari alipotaka kuanza, akamshika mkono. 'Bado, baba. Ongeza kidogo.' Wakaongeza. Akamshika tena. 'Ongeza, baba yangu, ongeza.'"

Tukacheka wote wawili, yeye kwa mkono mdomoni. Halafu kutoka upande wa pili kikasikika kilio cha mtoto, kile cha kuanza ghafla, na mama yule akaacha kucheka, akatazama chini kwenye pindo la gauni. "Usimwambie kama nimekwambia," alisema. Alikuwa ameishi na kilio kile tangu ameolewa. Sijui alikuwa anakiweka wapi.

Nifike sasa kwenye yangu. Binti yangu Felista alijifungua mtoto wa kiume, mtoto wake wa kwanza, akaja kwangu nimlee uzazi. Mtoto alikuwa mzuri, ananyonya kama ana deni na ulimwengu. Siku moja ninamwogesha akapiga miayo, nikaviona: vipele vyeupe vitatu vinne, viwili juu ya fizi, vingine kwenye kaakaa, vigumu, vinang'aa. Felista naye akaviona. Beseni lilikuwa katikati yetu, na kwa muda hakuna aliyemwagia mtoto maji.

"Mama, ndiyo yale?"

"Sijui ni nini," nilimwambia. "Kesho kutwa ni siku ya kliniki, tutamuuliza nesi. Mtoto ananyonya, hana homa. Tulia."

Angetulia kama watu wangemwacha. Akina mama wa jumuiya walikuja kumpongeza, wameleta unga wa ulezi wa uji. Mmoja alimpokea mtoto, mtoto akapiga miayo tena. "Jamani, mtoto ana mbegu," alisema, na wengine wakainuka kumchungulia kama walioambiwa kuna msiba. Jioni haijaingia, mzee mwenyewe akatokea na boga kubwa mikononi.

Hakumgusa mtoto. Alikaa, akasifia uji, akauliza habari za baba wa mtoto. Akitaka kuondoka ndipo akamwambia Felista, tena kwa sauti ile, "Mwanangu, mimi si wa kumlazimisha mtu. Ila mbegu haingoji kliniki."

Nikamwambia mbele ya mwanangu, "Mzee, ahsante kwa boga. Mtoto huyu hatolewi kitu."

"Ni mjukuu wangu pia, Fundi," alijibu, akatabasamu.

Asubuhi nilikwenda mashine kusaga. Nilirudi na debe kichwani nikakuta kitanda kitupu, kanga ya mtoto haipo. Sikuhitaji kuuliza. Nilitua debe mlangoni nikazunguka ua mbio. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanangoja zamu, na Felista amepiga magoti mbele ya mzee, uso wake umelowa. Mtoto alikuwa mapajani tayari. Mdomo ulikuwa umeshushwa. Kidole gumba, na ukucha wake, kilikuwa ndani.

"Toa mkono," nilisema.

"Fundi, heshima kidogo, nipo kazini."

"Toa mkono kinywani mwa mjukuu wangu."

Akautoa. Nikamchukua mtoto. Kulikuwa na alama moja tu ya damu kwenye fizi, ndogo kama tundu la sindano, na mtoto alikuwa bado hajaamua kulia. Mzee hakuinuka. Alijifuta kidole kwenye goti, akawageukia wale wanawake, si mimi.

"Ninyi ni mashahidi. Mtoto huyu likimpata lolote, mimi nilinyoosha mkono, bibi yake akaukataa."

Huo ndio ulikuwa ujanja wake wote, na niliuelewa siku ile. Mtoto akipona, ni mzee. Akifa, ni mama alichelewa au bibi alikataa. Maisha yake yote hakuwahi kusimama mahali ambapo kosa lingeweza kumfikia.

Tulikwenda zahanati palepale. Felista alikuwa analia njia nzima, mara ananiomba msamaha, mara ananiambia mtoto akifa ni mimi. Nesi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya ukali asiye mkali. Aliangaza tochi kinywani, akapitisha kidole chenye glovu juu ya vile vipele.

"Hivi? Hivi ni vivimbe vya watoto wachanga," alisema. "Watoto wengi sana wanazaliwa navyo, ila mama zao hawavioni. Si meno, havina mzizi. Ndani yake ni utandu mgumu wa ngozi tu, uliobaki pale kinywa kilipokuwa kinajiunda tumboni mwa mama. Haviumi, havileti homa, haviharishi."

"Dawa yake?" Felista aliuliza.

"Kuviacha. Akiwa ananyonya vinasuguliwa, vinapasuka vyenyewe, vinakwisha. Usivikwangue, usivipake chumvi, wala majivu. Ukivikwangua ndipo unamtengenezea ugonjwa, maana umefungua mlango wa wadudu kwenye damu ya mtoto." Kisha akaona ile alama ya damu. Alitutazama wote wawili, akaisafisha, akatuambia tumrudishe haraka akipata homa au fizi ikivimba. Hakutuuliza tumetoka wapi. Nadhani alijua.

Fizi ilipona. Vipele vikapungua, vikaisha, hata sikumbuki lini. Lakini mtaa ulikuwa unangoja. Akina mama waliacha kukaa barazani kwangu. Wakipita walimsalimia mtoto kwanza, wanamchungulia usoni, wanatafuta kifo. Na mvua zilipokolea, mtoto akashikwa homa kweli. Mwili ulichemka, akakataa ziwa. Nakiri, njia ya zahanati siku ile ilikuwa ndefu. Sikuwa na shaka na nesi, ila nilikuwa nawaza jinsi mzee atakavyovua kofia kwangu na kufanya ishara ya msalaba.

Ilikuwa malaria. Wakampima, wakaanza dawa, wakatuweka kwenye benchi tungoje waone anavyoipokea. Ndipo nikamwona. Mwisho wa benchi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, alikaa mzee wetu pamoja na mke wa mwanawe, na mapajani mwa yule msichana alikuwepo kichanga. Nesi yuleyule alikuja na tochi yake, akafungua kinywa cha mtoto.

"Vivimbe vya kuzaliwa tu hivi," alimwambia yule msichana. "Viache, vitaisha."

Na mzee, kwa sauti ya busara, akasema, "Ndivyo nilivyowaambia nyumbani. Nikawaambia msiviguse, vitaondoka vyenyewe."

Nilimtazama mpaka akageuka. Tukaonana. Nilitegemea atazame chini. Akanipungia mkono, kama majirani wanavyopungiana, akauliza, "Mjukuu hajambo?"

Kwa hiyo alijua. Miaka yote nilikuwa namhesabu mjinga, na mjinga unaweza kumhurumia. Kumbe alikuwa anajua vizuri kabisa ni fizi zipi za kuguswa na zipi za kupelekwa zahanati, na tofauti yake ilikuwa ni za nani.

Mtoto wetu alipona. Niliporudi mtaani nikawasimulia akina mama nilichokiona benchini, kila aliyekubali kusikia. Unajua walisemaje? Walisema mzee ana kipaji, anatambua mbegu ya kutoa na mbegu ya kuacha. Waliokuwa wameanza kusita wakarudi. Nikaenda ofisi ya mtaa, nikasema yote, akaitwa, akaonywa na kuambiwa aache. Aliacha. Ilikuwa Kwaresima, akasema ni mfungo wake. Pasaka ilipopita nikasikia kilio cha kwanza nikiwa nafungua mlango.

Alipunguza mwenyewe uzee ulipomkamata. Mkewe alitangulia. Macho yakaingia mtoto wa jicho, yote mawili, na mikono ikaanza kutikisika. Akawa anashinda kwenye kiti mbele ya nyumba, amejifunika koti, anaota jua la Sumbawanga ambalo linaangaza bila kupasha joto. Mwaka jana mke wa mwanawe aliniletea suruali zake nizipunguze kiuno, na nilipomaliza nikampelekea mwenyewe, maana nyumba ilikuwa na yeye tu.

"Nani?"

"Fundi."

"Karibu, Fundi. Hukuwahi kunipenda wewe."

"Sikuwahi, mzee. Suruali zako hizi hapa."

Akacheka. Alikuwa anazipapasa pindo, anazisifia, ndipo msichana mmoja akapiga hodi. Alikuwa mgeni kwangu, amebeba mtoto aliyekuwa anajitupa kichwa na kulia. Alipiga goti. "Shikamoo, babu. Nimetumwa na mama mkwe. Mtoto ana homa, hashiki ziwa, fizi zimevimba. Mama anasema wewe ndiye uliyemtoa mume wangu meno ya plastiki, yeye na ndugu zake wote. Wote wakapona."

Mzee akanyoosha mikono, akahisi inavyotikisika, akairudisha chini ya koti. "Mimi nimeacha, mwanangu."

"Babu, nakuomba."

"Macho. Macho ndiyo yameniangusha."

Nikamwambia, "Mzee, mwambie ukweli. Umebakiza nini cha kuogopa? Mwambie."

Alikaa kimya. Si kile kimya chake cha zamani cha kuwatoa akina mama machozi. Hiki kilikuwa cha mtu anayetafuta mlango gizani. Midomo ilicheza. Nami, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilimngojea kwa tumaini kabisa, nikafikiri labda mtu huyu hatimaye atasema neno moja la maana.

"Nenda kijijini Kate," alimwambia. "Kuna mama kule, nilimfundisha mwenyewe. Mkono wake mwepesi. Nenda leo, umechelewa kidogo, lakini..."

Sikumwacha amalize. Nilichukua kikapu cha yule msichana kutoka chini. "Zahanati iko hapa, kabla hujafika hata stendi," nilimwambia. "Twende, nitakubebea mzigo. Ukitoka pale bado unataka Kate, nakusindikiza hadi kwenye gari." Akamtazama mzee. Mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea jua. Msichana akainuka, akanifuata, pengine kwa sababu kikapu chake kilikuwa mkononi mwangu.

Mzee sikumuaga, na sikumwona tena akiwa hai.

Zahanati kulikuwa na nesi mwingine, kijana. Alimtazama mtoto masikio, na sikio la kushoto lilikuwa limejaa usaha. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma akinyonya. Akampa dawa. Kisha, kwa kuwa msichana aliomba, akamfungua kinywa, akamwonyesha kwa kidole.

"Fizi hazina ubaya. Zimejaa kwa sababu meno yanakuja. Yatatoka haya mawili ya mbele, baadaye haya. Na hapa pembeni, huku na huku, ni pa chonge."

Msichana aliinama akatazama kwa muda mrefu. Akagusa pale pa chonge, kwa nje, juu ya shavu la mwanawe.

"Mume wangu hana meno haya ya pembeni," alisema. "Kaka yake hana. Dada yao mkubwa naye hana, akicheka anaziba mdomo." Akamfunga mtoto mgongoni, akaikaza kanga. "Sisi tulidhani ndivyo ukoo wao ulivyo."